Plasta Juu ya Ufa

3 Februari

Mdogo wangu Maswali,

Habari za huko na za kazi? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama nyonga inamsumbua asubuhi, lakini akishachangamka anatembea na kugombana na kila mtu kama kawaida yake, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama unakula, maana kwenye picha uliyotuma umebaki mifupa na miwani.

Najua nimekaa kimya. Tangu mwezi wa kumi na moja nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi kanisani, na wewe unajua mimi na simu hatuelewani, kila anayepiga ana haraka. Barua naiandika nimekaa, nikikosea nakata. Na hii ni barua ya furaha.

Unaikumbuka nguzo ile ya katikati, chini ya roshani ya kwaya? Haipo. Nimeing'oa mimi mwenyewe. Miaka yote waliokaa nyuma yake walisikia mahubiri bila kumwona anayehubiri, na Mama ndiye wa kwanza wao, bega lake ameliegemeza pale tangu sisi wadogo. Wazee wa kanisa tulipojadili upanuzi, wengine walitaka nguzo ibaki, wengine itoke, tukabishana wiki tatu. Mwisho mchungaji akasema tuweke akili zetu pembeni, tufunge siku tatu tumwulize Mungu. Tukafunga. Siku ya tatu Bwana akasema nami kwamba nguzo itoke. Nilipowaeleza, chumba kizima kikaitikia amina na ubishi ukaisha hapo hapo.

Nimepitisha boriti ya chuma chini ya roshani, kutoka ukuta hadi ukuta, nikaifunika kwa plasta laini hata wewe usingejua kuna chuma ndani. Kwaya imeshapanda juu mara nne, watu arobaini wanaoimba kwa miguu, na hakuna kilichotikisika. Kuna ufa mdogo kama unywele juu ya dirisha la kushoto, pale boriti inapolalia ukuta, lakini plasta mpya hufanya hivyo ikikauka. Na mlango wa ofisi ya mchungaji, ulio chini ya ncha ile nyingine, umeanza kugoma kufunga. Nimeupiga randa mara mbili. Ni unyevu tu.

Mama sasa amekaa katikati kabisa, anamwona mchungaji mpaka viatu. Analalamika kwamba hana pa kuegemea. Binadamu haridhiki.

Kaka yako,
Fundi


14 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi, maana tuko ghorofa ya nne na lifti imekufa tangu Krismasi. Mimi mzima. Mwambie wifi nakula, ila chakula chote kinakwenda kwenye miwani. Mama msugulie ile nyonga, asijifanye chuma.

Umeniita Maswali tangu nina miaka minne, kwa hiyo vumilia. Boriti hiyo ina kimo gani? Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita ngapi? Ulipoing'oa nguzo, roshani ulikuwa umeishikilia na nini? Na hesabu alipiga nani?

Kazi yangu, kaka, ni kukaa na michoro ya majengo ya watu wengine na kutafuta mahali walipojidanganya. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nasimama kwenye ule mlango. Mlango uliokaa miaka thelathini bila ugomvi hauanzi kugoma kwa unyevu mwezi ule ule ulioondoa nguzo. Fremu yake imebanwa. Kuna uzito umehamia pale ambao zamani haukuwepo.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, weka miti ya kushikilia chini ya boriti, hata mitano, mpaka tujue. La pili, chukua plasta kidogo, ipake nyembamba juu ya ule ufa, upana wa kiganja, uandike tarehe kwa msumari. Plasta haijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata kidogo, itakatika, nawe utajua. Na Mama mrudishe pembeni.

Kuhusu Mungu kusema nawe, sina neno. Unajua kilichotokea mara ya mwisho nilipouliza swali kanisani kwenu. Mchungaji alitangaza kwamba Mungu amemwambia Baba atainuka kitandani, na wiki iliyofuata tukamzika. Nikasimama mbele ya watu nikauliza, basi aliyesema ni nani? Wewe ulikuwa kando yangu. Ulinivuta mkono ukaniambia, "Kaa chini." Nikakaa. Kisha nikatoka, na huu ni mwaka wa tisa.

Mdogo wako,
Maswali


2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Tuko salama, Mama anaendelea vizuri, mvua zimechelewa.

Boriti ina kimo cha sentimita ishirini. Ukuta hadi ukuta ni mita nane. Hesabu nilipiga mimi kichwani, kama Baba alivyonifundisha, na nyumba zote alizojenga Baba zimesimama, nenda kaziulize.

Miti sitaweka. Hebu fikiri. Nimesimama mbele ya watu nikasema Bwana amenena, halafu miezi michache baadaye wanikute naiegemeza kazi ya Bwana kwa miti? Wataniuliza amebadili mawazo lini. Kuna watu wawili watatu wamempokea Kristo mwezi huu, mmoja ni mlevi wa kutupwa, na alisema kilichomgusa ni jinsi wazee tulivyofunga tukapata jibu moja. Nimwambie nini huyo?

Plasta yako nimeipaka ili upate amani, tarehe 24 Februari, nimeandika kwa msumari kama ulivyotaka. Naipitia kila asubuhi kabla ya kazi. Iko nzima.

Sikuandikii kwa hasira, ingawa utaona kalamu imekandamiza. Kuna akili ya darasani, na kuna hekima itokayo kwa Mungu. Ya kwanza unayo, Mama anajisifia mpaka sokoni. Ya pili huiombi, na mimi nakuombea uiombe. Mambo ya Baba tuyaache. Ulimwaibisha mchungaji siku ya msiba, na mimi ningefanyaje?

Kaka yako,
Fundi


15 Machi

Kaka,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima wa mwili.

Nimepiga hesabu kwenye karatasi, mara mbili, kisha nikampa mwenzangu wa meza ya pili azipige bila kumwambia ni za wapi. Tumepata jibu moja. Kwa mita nane na roshani ya zege na watu arobaini wanaorukaruka, boriti yako ilitakiwa iwe na kimo mara mbili ya hicho. Mwenzangu aliuliza jengo limeshaanguka au bado.

Nilimpigia Mama kwa simu ya jirani nikamwambia ahame kiti. Akasema atahama fundi akimwambia ahame. Nikampigia mchungaji. Akasema jengo liko mikononi mwa Mungu na fundi. Kwa hiyo wote wananirudisha kwako.

Unasema Mungu alisema nawe. Mimi sijaomba miaka tisa, lakini nakumbuka tulichofundishwa, kwamba yeye ndiye aliyevipa chuma na mawe uzito wake. Iweje basi akwambie ufanye kana kwamba hauna maana? Nakuuliza kwa upole wote nilionao, na siku hizi si mwingi. Alikuambia kwa maneno gani?

Weka miti.

Mdogo wako


20 Aprili

Kaka,

Hujambo? Mama je? Wiki ya tano sasa sijapata barua. Pasaka nilikaa dirishani nikiwaza lile kanisa limejaa, kwaya iko juu, na kiti cha Mama kiko chini yake. Mama aliniambia kwa simu kwamba huli vizuri na kwamba umekuwa mkali kwa watoto.

Sitaki tubishane tena kuhusu Mungu wala kuhusu Baba. Nijibu neno moja tu. Plasta iko nzima?

Mdogo wako,
Maswali


29 Aprili

Iko nzima. Sote wazima.

Fundi


8 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa jibu, ingawa ulijiandika Fundi tupu, bila ule ukaka. Nimestahili. Vipi nyonga ya Mama, vipi wifi na watoto?

Karatasi yako nimekaa nayo siku tatu mfukoni. Wiki tisa na plasta haijakatika maana yake ukuta hausogei, na ukuta usiposogea basi mimi ndiye niliyekosea. Huenda roshani imeshikwa na kuta za pembeni kwa namna ambayo sikuiona. Huenda lile zege la zamani ni imara kuliko nilivyodhani. Hutokea. Nimeziondoa zile karatasi mezani nikazitia kwenye droo.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie. Niliposoma "iko nzima," kabla sijafurahi, niliumia. Muda mfupi tu, lakini niliuona uchungu wenyewe na nikautambua. Nilikuwa nataka ikatike. Si Mama aumie, Mungu apishe mbali, ila roshani ishuke kidogo, plasta ipasuke, kanisa zima lijue kwamba aliyeambiwa akae chini ndiye aliyekuwa akisema kweli. Nimekuwa na hesabu sahihi na moyo uliooza, na sijui utamwitaje mtu wa namna hiyo. Mwenye hekima hawezi kuwa.

Nilishtuka mpaka nikajikuta nimefumba macho pale ofisini, penseli mkononi. Sikumbuki tena watu huanzaje. Nilisema tu, nimejiona, na sijipendi, nisaidie. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama kichwa kinaniuma. Siku ya pili nikarudia, na jana pia. Sijapewa majibu yoyote, lakini sijaacha.

Kwa hiyo nisamehe. Barua hii msomee Mama, na umwambie simsumbui tena na kiti chake. Akae hapo hapo amtazame mchungaji wake. Najua wewe usingemwacha akae mahali pa hatari.

Mdogo wako akupendaye,
Maswali


21 Mei

Mdogo wangu, Maswali wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi tuko hai sote, naanza na hilo ili usome bila hofu. Tafuta mahali ukae.

Plasta haikuwa nzima. Nilipokuandikia tarehe mbili Machi ilikuwa nzima, hapo sikukudanganya. Tarehe tisa nilifika asubuhi nikaikuta imegawanyika, namba upande mmoja na mwezi upande wa pili. Nikaibandua. Nikapaka nyingine, na nikaandika tarehe ile ile ya zamani. Ikakatika kabla ya Pasaka. Nikaiacha hivyo wiki kadhaa. Ulipotaka neno moja nilikuwa nimetoka kupaka ya tatu, mkono wangu bado mweupe, na nikakuandikia iko nzima. Ilikuwa nzima kwa saa mbili.

Uliponikaripia niliweza kuvumilia, maana mtu akikukaripia unajua pa kusimama. Barua yako ya mwisho sikuwa nimejiandaa nayo. Nilimsomea Mama kama ulivyoagiza. Alisikiliza akichambua mboga, mpaka pale uliposema mimi nisingemwacha akae mahali pa hatari. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi nikae palepale," akaendelea na mboga zake. Nilitoka nje nikashindwa kukumbuka nilikuwa nimetoka kufanya nini.

Ijumaa asubuhi nikaenda kanisani peke yangu. Nikakaa kwenye kiti cha Mama nikatazama juu. Ukikaa pale unauona ule mstari wa boriti umelegea katikati, kidogo tu, lakini jicho la fundi halihitaji pima maji. Nilikuwa nimepita chini yake miezi minne bila kuinua uso. Nikataka kuomba. Nikaanza kama ninavyoomba mbele ya watu, kwa maneno yale marefu, nikaona aibu nikanyamaza. Kisha nikamweleza Mungu habari ya plasta, moja moja, na tarehe zake. Nikamweleza na ile siku ya tatu ya kufunga, ambayo sijamweleza mtu yeyote, hata wifi yako.

Uliniuliza alisema kwa maneno gani. Hakusema. Tulikuwa wazee saba, midomo imetukauka, na hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Mchungaji akanigeukia mimi, akasema, fundi, wewe ndiye mwenye kazi, Bwana amekwambia nini? Maswali, nilikuwa naitaka ile nguzo itoke tangu siku ya kwanza. Kwa ajili ya Mama, hilo ni kweli, lakini pia nilitaka watu waingie wakatazame juu waseme huyu fundi si mchezo. Watu sita walikuwa wananitazama. Niliona aibu kusema sijasikia. Nikasema amenena, na walipoitikia amina nilihisi joto zuri kifuani, nikajiambia kumbe ni kweli.

Hata Ijumaa ile sikusikia sauti. Ila nilikaa pale karibu saa nzima na sikuwa peke yangu, na hilo siwezi kukupigia hesabu. Miaka yote nimekuwa nikimpelekea Mungu mambo niliyokwisha kuyaamua, ayapigie muhuri. Siku ile sikuwa na karatasi ya kupigwa muhuri. Nilikuwa mtu aliyedanganya, nimekaa na anayejua, na hakunifukuza. Nililia, mdogo wangu, mpaka nikajipangusa kwa kitambaa cha meza ya Bwana, wifi yako amekifua. Nilipoinuka nilijua la kufanya, na halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Nitafute miti.

Jumamosi niliweka miti kumi na mmoja chini ya boriti na kuikaza kwa kabari. Jumapili nikaweka benchi mlangoni kuziba njia, na watu walipofika nikawaeleza yote, kuanzia siku ya kufunga mpaka plasta ya tatu. Hakuna aliyeitikia amina. Yule ndugu aliyeacha pombe aliniangalia muda mrefu, kisha akaondoka, na sijui kaenda wapi. Hilo ndilo linalonila. Mama alikaa juu ya tofali nje, akaimba wimbo wa kwanza peke yake mpaka wachache wakamfuata. Jioni aliniwekea chai mezani akaisukuma upande wangu, basi.

Jumatatu nikaenda kukagua. Kabari ya mti wa sita niliipiga Jumamosi kwa nyundo mbili nyepesi, ningeweza kuitoa kwa vidole. Niliigonga mara kumi na tano haikusogea. Roshani imeshaikalia. Nadhani unaelewa kuliko mimi ni kitu gani kilikuwa kinaishikilia kabla ya hapo.

Sasa sikiliza. Jumapili ya tarehe 31 askofu anakuja kulifungua jengo. Jana wazee waliniita. Mchungaji anataka miti itolewe kabla ya siku hiyo, anasema ni aibu mbele ya mgeni na ni kukiri kwamba tulifunga bure. Nikaeleza habari ya kabari. Mmoja akasema kabari huvimba kwa unyevu, na nilitamani nicheke, maana neno hilo nililianzisha mimi. Kisha mchungaji akaniuliza, kwa upole kabisa, "Fundi, Mungu ndiye amekuambia uiweke hii miti?"

Wote wakanitazama kama siku ile. Nilijua nikisema ndiyo yamekwisha. Wangeitikia, miti ingebaki, Mama angekuwa salama, na kwaya yote pamoja naye. Ulimi ulikuwa umeshajiinua. Na nilipofikiria kile kiti nilichokalia Ijumaa, nikaona siwezi kulitumia jina lake kama nyundo mara ya pili, hata kwa jambo jema.

Nikasema, "Hapana. Nimeona kwa macho yangu."

Basi wakanivua uzee wa kanisa. Kura tano kwa moja. Nilipodanganya kwa jina la Mungu waliniamini, na ninaposema kweli kwa jina langu hawataki, na nani atawalaumu, mimi ndiye niliyewazoesha. Watakaa tena Jumamosi ya tarehe 30 kuamua kuhusu miti. Hadi hapo nashinda pale mlangoni na msumeno wangu, najifanya natengeneza mabenchi, mtu asije akaigusa.

Njoo. Zitoe zile karatasi kwenye droo uje nazo. Hukukosea hesabu, nilikudanganya mimi. Najua uliapa hutavuka mlango ule. Siku ya msiba wa Baba ulikuwa umeuliza swali la haki, na mimi nililijua ni la haki wakati nakuvuta mkono. Nilikuwa naogopa nyuso za watu, zile zile nilizoziogopa siku ya tatu. Nisamehe, mdogo wangu, nimechelewa miaka tisa. Jumamosi wakiuliza ni nani anayesema, simama wewe. Safari hii mimi ndiye nitakayekaa chini.

Kaka yako


27 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo, na salamu kwa Mama na wifi. Barua hii nampa dereva wa basi la leo usiku ili ifike kabla yangu. Basi langu linaondoka kesho asubuhi. Naiandika kwa sababu kuna mambo ambayo nikikuona usoni nitayafanyia mzaha.

Nilikasirika. Usidhani nilisoma nikalainika. Nilitupa barua yako chini, nikashuka ngazi za ghorofa zote nne na kuzipanda tena, na mwenzangu wa meza ya pili akaficha penseli zangu. Mama aliambiwa akae chini ya zege lile kwa ruhusa yangu, niliyoitoa kwa neno lako. Nitakugombeza kwa hilo, tena mbele ya wifi. Jiandae.

Baadaye nikaiokota nikamaliza. Nilikuwa na hesabu sahihi tangu Machi, na njia kutoka hapa hadi kwenu ni siku moja. Ningeweza kuja nikamwinua Mama kwa mikono yangu miwili. Nikabaki nikiandika barua, kwa sababu kuja kulikuwa ni kupita mlango ule na kuwaona watu wale. Ulificha plasta, mimi nilijificha nyuma ya karatasi. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, maana siku hizi namwambia mambo, na bado sijui nafanya vizuri au vibaya. Nilipomaliza kumwambia nilikwenda kukata tiketi.

Sijui kama watanisikiliza. Wana sababu ndogo ya kunisikiliza mimi kuliko wewe. Wakiitoa miti kabla sijafika, chukua kiti cha Mama ukiweke nje na wewe ukikalie, asikipate. Plasta ya tatu usiiguse, iache hivyo ilivyokatika. Na yule ndugu aliyeacha pombe mtafute, usimsubiri arudi. Mwambie aliyempokea hakutoka kwenye mdomo wako.

Kuhusu Jumamosi, hapana, usikae chini. Nimekuwa nikiisubiri siku hiyo miaka tisa, na leo nikiiwaza wewe umekaa na mimi nimesimama, sioni utamu wowote. Simama kando yangu. Nikianza kuwaogopa nishike mkono, lakini safari hii usinivute.

Nimechora nguzo. Niko nayo hapa kwenye bomba la michoro, sahihi na muhuri wa ofisi juu yake, kama watakubali kuitazama. Niliijaribu kila namna, boriti nene, kuta mbili, na kila mara hesabu ilinirudisha pale pale katikati, upana ule ule aliouacha aliyejenga mwanzo. Mwambie Mama hatamwona mchungaji, lakini atapata pa kuegemea.

Mdogo wako,
Maswali